Mtungi wa Mtoto

Shida ilinianza mwaka wa 1988, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha, kila mtu alizaliwa mahali na hakuna sifa hapo. Naanza na siku niliyofutwa kazi ya kupasua mawe kule Athi River, nikatembea kwa miguu hadi Kitengela nikiwa na blanketi moja na nyundo niliyomwibia mwenye machimbo. Nyundo hiyo nilimrudishia miaka tisa baadaye, pamoja na nyingine mpya juu yake. Mimi si mtu wa kukaa na kitu cha wenyewe. Ninasema hivyo ili ujue kwamba haya ninayotaka kuandika si tabia yangu. Halafu nikikaa nikifikiria vizuri naona ni tabia yangu pia.

Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nimejifunzia kwenye Biblia na kwenye vibao vya injini za pampu, na leo watu wenye digrii wananipigia simu kuniuliza wachimbe wapi. Siwachukii, ila huwa nawafanya wangoje kidogo. Kalamu hii nimeishika mwenyewe, makosa yake ni yangu.

Kilichonikalisha chini ni mazishi. Mwaka huu tumemzika Mama Naserian huko Bisil, alikokuwa amehamia na binti yake, nyuma ya soko la mifugo. Nilienda kama mzee wa kanisa aliyemjua tangu zamani, na nilitanguliza malori mawili ya maji ili waombolezaji wapate ya kupikia na ya kunawa. Watu walinishukuru sana kwa maji hayo. Nilipewa kiti cha mbele, cha kitambaa, na chupa ya soda kabla ya wengine. Naserian, ambaye ndiye mtoto wa pekee wa marehemu, alisimama kusoma habari za mama yake akiwa ameziba mdomo kwa leso. Watu walidhani analia. Mimi nilijua hali. Naserian ana miaka thelathini na saba na hajawahi kuongea na mtu bila kuziba mdomo, kwa sababu meno yake yote yana rangi ya kutu, mengine yana vishimo kama mabati ya zamani. Alitafuta kazi ya mapokezi katika hoteli moja kule Namanga, mwenye hoteli akamwambia wazi kwamba msichana wa mapokezi anatakiwa kucheka. Akarudi akanunua cherehani.

Alisoma vizuri mpaka karibu na mwisho, akakunja ile karatasi. Akasema siku tatu kabla ya kufa mama yake alimwita, akamshika mkono, akamwomba msamaha. "Aliniambia nimsamehe kwa ajili ya meno yangu. Alisema ni uji wake, kwamba kuna mahali alikosea kuupika. Nilimwambia hakukosea. Hakunisikia, masikio yake yalikuwa yamekwisha." Akaketi. Halafu mwenye kuongoza akataja jina langu, nikasimama, nikaongea dakika ishirini juu ya imani ya Mama Naserian. Watu waliitikia amina. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, nina kila neno lililotakiwa pale, na sikulitoa hata moja.

Sasa nikurudishe mwaka ule. Kitengela ya wakati huo usiifikirie hii ya maghorofa na foleni ya magari. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, kisha nyasi, kisha nyumbu. Asubuhi ungefungua mlango ukute nyumbu wamesimama mbele yako wakikuangalia kama wenye kudai kodi. Kanisa letu lilikuwa la mabati, mbali kidogo na barabara, na nyuma yake palikuwa na kisima kirefu cha mashine, kimechimbwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Shimo la kwanza lilikuwa kavu, la pili kavu. Akina mama wakafunga wiki tatu, wakapiga magoti kwa zamu juu ya mawe, na shimo la tatu likatoa maji. Hilo lilitokea, nimeambiwa na watu waliokuwepo na sijalikataa mpaka leo. Naamini Mungu alijibu. Mchungaji, mtu mrefu wa kwetu milimani mwenye sauti nzuri, alinikuta nimelala kwenye kibaraza cha kanisa, akanitazama mikono, akanipa kazi ya kuendesha pampu. Nilipewa pia stoo ya kulala, chumba cha mabati ambacho upande mmoja kilikuwa na ngoma na vitabu vya nyimbo, upande mwingine madebe ya dizeli. Mpaka leo nikisikia tenzi zikiimbwa, puani nasikia dizeli.

Kanisa hilo lilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mtungi wa kwanza wa kila siku haukuuzwa. Ulikuwa wa Bwana, na Bwana aliutoa kwa mama mwenye mtoto mdogo kuliko wote kanisani. Tuliuita mtungi wa mtoto. Mwendesha pampu aliubeba mwenyewe mpaka mlangoni, akabisha, akasema, "Bwana asifiwe, mtungi wa mtoto." Mwaka ule aliyezaliwa mwisho alikuwa Naserian. Mama yake alikuwa shemasi, Mmasai aliyeolewa na mwalimu akafiwa mapema, na nyumba yake ya bati ilikuwa ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi nilifika na mtungi begani, namsalimu kwa Kimasai, "Sopa, yeyo," ananijibu "Ipa," halafu ananicheka kwa namna ninavyolitamka. Ananikalisha kwenye kigoda, ananipa chai ya maziwa iliyoshika rangi na kipande cha ugali wa jana uliochomwa. Nilikula kwake zaidi ya nilivyokula kwangu. Alikuwa mtu wa usafi. Kliniki walimfundisha kuchemsha maji ya mtoto, na yeye akifundishwa jambo analifanya mara mbili. Aliyachemsha maji yale mpaka yakapungua sufuriani, akayafunika kwa kitambaa cheupe, ndipo akayapikia uji.

Kwenye siasa ulikuwa mwaka wa kupiga kura kwa mlolongo. Vijana hawaamini nikiwaambia. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mtu alishika picha ya mgombea, na wewe ukasimama nyuma ya picha unayoitaka, juani, mbele ya chifu, mbele ya baba mkwe, mbele ya mchungaji wako, mkahesabiwa vichwa. Mheshimiwa aliyekuwa anatetea kiti ndiye aliyetoa injini ya pampu yetu. Alikuja kuizindua wiki chache kabla ya kura, akanywa glasi nzima mbele ya watu, akapangusa mdomo, akasema haya ndiyo maendeleo. Siku ya mlolongo kanisa letu karibu lote lilisimama nyuma ya picha yake, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa mbele. Nyuma ya ile picha nyingine walikuwa watu wachache, na mmoja wao alikuwa Bwana Wafula.

Wafula alikuwa fundi wa maji wa serikali, mtu wa magharibi, mfupi mnene, aliyepanga nyumba Kitengela na kusali kanisani kwetu. Aliimba sauti ya nne mpaka benchi likatetemeka. Watu walimwita Bwana Maji. Siku nyingine alikuja stoo kwangu na samaki wakavu kwenye gazeti, akasonga ugali mwenyewe kwa jiko langu, akisema sisi wa Mkoa wa Kati tunasonga uji halafu tunauita ugali. Aliniita ndugu. Ni yeye aliyenifundisha kusoma kipimo cha presha na kusikia kwa sikio kama pampu inavuta hewa. Kazi ninayokula nayo mpaka leo nilianzishiwa na yeye, kwenye kile chumba, akila kwa mkono mmoja na kuchora mistari sakafuni kwa ule mwingine.

Jioni moja, wakati wa mvua za Aprili, aliacha kula akaniuliza kama nimewahi kuangalia meno ya watu wa Mashuuru na ya wa huku kwetu walio karibu na visima virefu. Nikasema ni ya kahawia, si ni ukoo wao. Akasema si ukoo. Kuna madini yanaitwa floraidi yanayokaa ndani ya mawe ya huku, maji yakikaa chini sana yanayabeba. Hayana ladha, hayana harufu. Mtu mzima meno yake yameshaiva, hayabadiliki, ingawa akinywa miaka mingi anaweza kushikwa mifupa. Mwenye hatari ni mtoto, ambaye meno yake bado yanajengwa ndani ya fizi. Nikamwambia Mama Naserian anachemsha. Akaweka tonge chini. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kuchemsha kunaua wadudu. Madini hayafi. Maji yanapungua, madini yanabaki yote." Alikuwa ameongea na mchungaji tayari, na mchungaji alimwambia maji haya yalitoka kwa magoti, si kwa vipimo, na zawadi ya Mungu haipelekwi maabara. Wafula hakukasirika. Aliniambia, "Musa alipofikisha watu kwenye maji machungu, hakuwaambia wanywe washukuru. Alilia kwa Mungu, akaonyeshwa mti. Mimi nimeonyeshwa chupa. Tofauti iko wapi?" Kisha akaonyesha kwa kidole lile tangi la mvua lililokuwa pembeni mwa kanisa, limejaa mpaka linamwagika. Akasema hata kisima kikiwa kibaya hakuna haja ya kukifunga. Watoto wa kunyonya walikuwa kumi na mmoja kanisa zima. Wapewe wao maji ya tangi, wakubwa wanywe ya kisima, huku tukitafuta njia. Tangi hilo lilitumika kwa ubatizo na chai ya mchungaji tu.

Nataka ulishike hilo jambo la tangi. Dawa ilikuwa hapo, hatua thelathini kutoka kwenye pampu.

Asubuhi moja akaleta chupa mbili za plastiki zenye vifuniko vyekundu. Alikuwa anapita kwenda Isinya kwa kazi nyingine. Akanionyesha namna ya kufanya. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, jaza kutoka kwenye mdomo wa pampu, usiache hewa, funga, andika. Atapita saa tisa kuzichukua azipeleke maabara Nairobi. Alipoondoka mchungaji akatoka nyumbani kwake, akasimama karibu na zile chupa, mikono nyuma. Hakunikataza kitu. Naapa hakunikataza, na kwa miaka mingi nilijaribu kujikumbusha kwamba alinikataza. Alisema tu, "Wakifunga hii kisima, kijana, wewe utaenda wapi?" Akaingia ndani kunywa chai yake.

Nilikaa juu ya debe la dizeli nikafikiria. Nilifikiria yale machimbo, blanketi, baridi ya kibarazani. Niliwafikiria akina mama na magoti yao juu ya mawe, nikajiambia nitawavunja imani. Hilo la imani nililiweka mbele ili lile la tumbo lijifiche nyuma yake. Halafu nikachukua chupa nikaenda kwenye tangi la mvua. Nikasuuza mara tatu. Nikajaza, sikuacha hewa, nikafunga, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: KISIMA. Maagizo yake niliyafuata yote, isipokuwa moja. Saa tisa Wafula akapita, akaziinua akaziangalia kwenye mwanga, akaniambia, "Kazi safi, ndugu."

Na kuanzia siku hiyo mimi nikaacha kunywa maji ya kisima. Nilijaza kikombe changu kwenye tangi. Hapo ndipo ninaposhindwa kujielewa, mzee mzima niliyejenga maisha kwa akili yangu. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi kwamba meno ya mtu mzima hayabadiliki. Maji yale yasingenifanya lolote kwa mwaka mmoja. Nilijikinga na hatari isiyokuwa yangu, na kila asubuhi nikabeba mtungi wa lita ishirini kuvuka korongo, nikabisha mlango wa yule ambaye hatari ilikuwa yake, nikasema Bwana asifiwe.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa kwa barua yenye muhuri. Maji salama, hayana chumvi, hayana madini ya kudhuru. Mchungaji aliisoma kwenye mimbari, akina mama wakapiga vigelegele, na barua ikatiwa fremu ikatundikwa ukutani karibu na saa. Wafula alikuja stoo siku ya pili yake. Hakuleta samaki. Alikaa kwenye debe langu akasema kwa upole, kama anayemwambia mtu habari ya msiba, "Ndugu, maji ya kutoka chini ya mawe mita mia na themanini hayawezi kusoma hivi. Hii ni mvua." Akasema ameomba achote tena, wazee wamekataa, na Jumapili wamemwita aeleze kwa nini anasumbua kanisa. "Siwezi kukulazimisha. Lakini watakuuliza, na wewe unajua."

Jumapili ile baada ya ibada wazee walibaki na nusu ya kanisa ikabaki kusikiliza, kwa sababu hakuna kitu watu wanapenda kama kesi ya kanisani. Wafula alieleza mambo ya floraidi taratibu, kwa maneno ambayo hata mimi wa darasa la nne niliyafuata. Mzee mmoja, mwenye duka la nafaka, akamkatiza. "Bwana Maji, kwenu kuna mito mpaka inawazidi. Haka kamaji ketu kanakuuma wapi?" Watu wakacheka, hata Wafula alitabasamu. Kisha yule mzee akatoa lake la moyoni. Akasema siku ya mlolongo wote walikuwa na macho. Walimwona amesimama nyuma ya picha ya nani. Sasa anayepinga maji ya mheshimiwa anapinga maji, au anapinga mheshimiwa? Hapo nikaona mambo yamekwisha. Sayansi yake, Musa wake, uimbaji wake, vyote vilihesabiwa pamoja na mahali miguu yake iliposimama kwa saa mbili juani. Hakuna aliyejali tena maji yana nini. Wafula akasema ana ombi moja tu, waniulize mimi niliyejaza chupa.

Mchungaji akanigeukia. "Ndirangu, hii maji ulichota wapi?"

Mama Naserian alikuwa ameketi benchi la tatu, mtoto amelala begani kwake, mdomo wazi. Fizi tupu, hakuna jino hata moja lililokuwa limeota bado.

"Kwa kisima," nikasema.

Wafula hakubishana. Alifunga kitabu chake cha nyimbo, akamwambia mchungaji, "Basi. Mimi nimemaliza," akatoka na mkewe. Nje, watu wakipita bila kumsalimu, alinijia akanipa mkono. Nilidhani atanilaani. Alisema kwa sauti ya chini, "Mtungi wa mtoto, ujaze kwa tangi. Hakuna mtu atakuona." Baada ya mwezi alihamishwa, wakasema kazi ya serikali ndivyo ilivyo. Sikumwona tena. Nilipopata ujasiri wa kumtafuta, na ilinichukua miaka ishirini, niliambiwa alistaafu, akarudi kwao, akafa kwa ugonjwa wa sukari.

Neno lake nilijaribu kulishika. Siku nne nilijaza mtungi kwenye tangi mapema, kabla mtu hajaamka kanisani. Siku ya nne Mama Naserian alinipa chai, akaonja yake, akaweka kikombe chini. Aliniuliza ninamletea maji gani siku hizi, chai imekuwa nyepesi, haina ile ladha. Nikasema ya tangi. Nilisema hivyo kabisa, mlango ulikuwa umefunguka, ningeongeza maneno kumi tu. Akanitazama kama dada mkubwa. "Hapana, Ndirangu. Hiyo ya tangi mpelekee mchungaji. Mimi niliyapigia magoti yale mengine nikiwa na huyu tumboni. Mtoto wangu atakunywa maji ya maombi." Nilimaliza chai yangu. Kesho yake nikajaza mtungi kwenye pampu, na kesho kutwa, hadi Desemba, alipozaliwa mtoto wa mtu mwingine na mtungi ukahamia mlango mwingine. Mama Naserian aliendelea kununua maji ya kisima kile. Kwa nini asinunue, na barua iko ukutani? Mtoto alipofika miaka saba akabadilisha meno, yakatoka kama yalivyo sasa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaondoka, nina pampu yangu ya kwanza kule Kajiado mjini. Nilisikia kwamba akina mama wengine walimwambia ni yeye aliyekosea, pengine moshi, pengine sufuria chafu. Yeye, ambaye hakuna sufuria chafu iliyowahi kulala kwake. Watoto wengine wa miaka ile nao walitoka hivyo hivyo, na kila mama alijificha na aibu yake nyumbani kwake.

Watu huniuliza, wakijua mimi ni mzee wa kanisa na pia mtu wa mitambo, kama imani na mambo ya kupima yanagombana. Huwa nawajibu haraka kwamba hayagombani, halafu nabadilisha hadithi. Sasa nitajibu vizuri. Kwenye kile kisima hayakugombana. Maombi yalileta maji, na chupa ya Wafula ingetuonyesha namna ya kuyatumia, na tangi lilikuwa limejaa. Vyote vilitoka mkono mmoja. Kilichoingia katikati ni mimi, na tumbo langu, na foleni tuliyopanga nyuma ya picha.

Turudi Bisil. Sikuondoka na wengine siku ya mazishi, nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Siku ya pili mchana nilienda tena pale nyumbani. Vijana wa mahema walikuwa wanakunja turubai na kupanga viti juu ya gari. Naserian alikuwa jikoni, chumba cha mabati chenye meko mawili, akiosha sufuria kubwa za kuazima kwa maji yangu. Alivuta kigoda kwa mguu akaniambia niketi, akanimiminia chai ya thermos. Sikuinywa. Nilimwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, kuanzia chupa hadi siku ya nne. Alisugua sufuria moja muda wote ule, mpaka nikaogopa itatoboka. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja, kama mama yake aliwahi kujua. Nikasema hapana.

"Na jana uliongea dakika ishirini," akasema.

"Ndiyo."

Akajifuta mikono kwenye leso, ile ile, kisha akaiweka chini. Akafungua mdomo, akaufungua kwa makusudi, kama mtu aliye mbele ya daktari. Mimi nikaangalia majivu. "Usiangalie chini, mzee. Angalia. Wewe ndiye fundi." Nikaangalia. Sijui ilikuwa muda gani. Aliufunga yeye mwenyewe alipoona imetosha.

"Mimi nimeshazoea," akasema. "Nenda umwambie Mama."

Nikasema mama yake amekufa, neno la kijinga, lakini ndilo lililotoka. Akasema anajua, amelala pale nje, niende nimwambie.

Nilienda. Udongo ulikuwa bado mwekundu na maua yameanza kulala. Nilivua kofia nikaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba peke yake, kwamba Mama Naserian, ile ilikuwa mimi. Nikasikia kutoka mlango wa jikoni, "Sauti, mzee. Alikuwa hasikii vizuri." Nikapandisha sauti. Nikasema uji wake haukuwa na kosa. Nikasema maji ya chupa niliyatoa kwenye tangi. Vijana wa mahema wakaacha viti. Majirani wawili waliokuja kuchukua sufuria zao wakasimama kwenye ua. "Sauti," akasema tena, nikaongeza mpaka koo likauma, nikasema jina langu lote, na kwamba nilidanganya kanisani siku ya Jumapili mbele ya Mungu na Wafula. Nilipogeuka Naserian alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili chini, analia wazi, mdomo haujazibwa na kitu. Hakunipa mkono. Hakuniambia nimesamehewa, na mimi sikuomba.

Mali niliyo nayo leo ni hii. Ploti tatu Kitengela, mbili zina nyumba za kupangisha. Ekari kumi na nne upande wa Kajiado, zimezungushiwa waya. Mashine moja ya kuchimba visima, inafanya kazi. Malori manne ya maji, moja limekufa gia. Ng'ombe ishirini na sita. Nyumba ya mawe ninamolala. Barua ya maabara ndani ya fremu yake, niliiomba walipobomoa lile kanisa la mabati, wakidhani naitaka kwa ukumbusho. Na meno thelathini na moja, yangu mwenyewe, meupe.